Maswali ya Wasomaji: Kiasi cha Dau katika Omaha

Tangu tulipoanza kuugusia mchezo wa Omaha katika safu hii, barua zinazofika huuliza zaidi ni karata zipi za kuingia nazo mchezoni. Chache huuliza dau liwe kiasi gani, na hizo ndizo nilizozichagua safari hii, kwa kuwa naamini fedha nyingi zaidi hupotea kwa dau lililokosewa kuliko kwa karata zilizochaguliwa vibaya.

Kwa msomaji mgeni, kila mchezaji hupewa karata nne za siri, na karata tano huwekwa wazi mezani: tatu kwa pamoja, ambazo wachezaji huziita flopi, kisha ya nne, kisha ya tano. Mkono wa mwisho lazima uundwe kwa karata mbili kamili kutoka mkononi na tatu kutoka mezani. Poti ni jumla ya fedha zilizokwisha kuwekwa katikati, kulipia ni kuweka kiasi sawa na dau lililo mbele yako, na kupandisha ni kuweka zaidi ya hapo. Katika mifano yote, dau za lazima, ambazo wachezaji wawili huziweka kabla ya mchezo kuanza, ni 50 na 100, na kila mchezaji ameanza na 10,000, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Shikamoo mwandishi. Tuko vijana sita hapa Sinza, Dar es Salaam, na kila Jumamosi tunacheza Omaha ya kikomo cha poti. Mchezo husimama mara kwa mara kwa ugomvi wa hesabu. Mmoja wetu anashikilia kuwa anayepandisha wa kwanza hawezi kuzidi 150, kwa kuwa ndizo zilizopo mezani. Mwingine anasema 250. Mimi nimewahi kusoma kuwa ni 350. Tuamulie.

Marahaba. Wewe ndiye uliye sahihi, ingawa yule wa 250 amekosea hatua moja tu. Kanuni inasema kwamba anayepandisha huhesabiwa kwanza kuwa amelipia dau lililo mbele yake, kisha poti hupimwa baada ya malipo hayo, na kiasi kinachopatikana ndicho anachoruhusiwa kuongeza juu yake. Mezani kuna 150. Anayepandisha analipia 100, poti inakuwa 250, na hizo 250 ndizo nyongeza yake. Kwa hiyo mbele yake zitakuwepo 100 na 250, yaani 350. Mwenzako wa 250 ameipata nyongeza akaisahau ile 100 ya kulipia.

Baada ya flopi ipo njia ya mkato ambayo wagawaji wa kasino huitumia, nayo ni kuzidisha dau la mwisho mara 3, kisha kuongeza kila kilichokuwapo mezani kabla ya dau hilo. Tuseme poti ni 600 na mtu ameweka 400. Mara tatu ya 400 ni 1,200, ukiongeza 600 unapata 1,800, na hicho ndicho kiwango cha juu anachoweza kuweka anayefuata. Kama katikati yupo mtu aliyelipia 400 bila kupandisha, nazo huongezwa, na kikomo kinakuwa 2,200. Jifunzeni njia hiyo, kisha mchagueni mmoja wenu awe ndiye mwenye kutamka kikomo kila kinapoulizwa, kwa sababu mezani nilikokaa ugomvi wa namna hii haukutokana na ugumu wa hesabu, bali na watu watatu kuifanya kwa sauti kwa wakati mmoja.

Ndugu mwandishi, mimi ni msomaji wa Nairobi. Nimefundishwa kuwa katika Omaha, ukiwa na karata za kupandisha, pandisha hadi kikomo, na ukiweka dau baada ya flopi, weka poti nzima. Je, kuna haja ya kufikiria zaidi ya hapo?

Ipo, na nitajibu kwa kirefu kwa sababu jibu hili ndilo msingi wa majibu mengine yote.

Fuatana nami katika mkono mmoja. Mgawaji, ambaye baada ya flopi huzungumza wa mwisho, anapandisha hadi 350, mwenye dau la lazima dogo anatupa karata, na mwenye dau kubwa analipia. Poti sasa ni 750, yaani 350 mara mbili pamoja na 50 iliyoachwa. Kila mmoja amebaki na 9,650. Gawanya fedha zilizobaki kwa poti na utapata takriban 13. Sasa tazama kinachotokea iwapo mmoja ataweka poti nzima katika awamu zote tatu na mwenzake akalipia kila mara: 750 kwenye flopi, na poti inakuwa 2,250; kisha 2,250 kwenye karata ya nne, na poti inakuwa 6,750; kisha 6,750 kwenye karata ya tano. Jumla ya madau hayo matatu ni 9,750. Kwa maneno mengine, aliyepandisha mara moja tu kabla ya flopi amefungua njia ambayo madau matatu ya poti nzima humaliza fedha zote za mezani, karibu bila kubaki chochote.

Rudi nyuma na ubadilishe kitu kimoja. Mwenye dau kubwa, badala ya kulipia, anapandisha tena hadi kikomo chake, ambacho ni 1,100, na mgawaji analipia. Poti inakuwa 2,250 na kila mmoja ana 8,900. Uwiano umeshuka kutoka 13 hadi karibu 4, na madau mawili ya poti, 2,250 na 6,750, yanatosha kumaliza kila kitu. Kama mgawaji naye angepandisha mara ya tatu, kikomo chake kingekuwa 3,350. Akilipiwa, poti inakuwa 6,750, na fedha zilizobaki ni 6,650. Hapo dau moja linatosha.

Kumi na tatu, nne, moja. Ukizishika namba hizo tatu utaona kwamba kupandisha kabla ya flopi ni kuamua mtacheza awamu ngapi zenye maana. Mwenye karata zinazostawi polepole, kwa mfano zile zinazotafuta mfuatano mkubwa au karata tano za aina moja, kwa mfano kopa tupu, zikiongozwa na ree, hufaidika na uwiano wa 13, hasa akiwa ndiye anayezungumza wa mwisho, kwa sababu ana awamu tatu za kumsoma mwenzake na fedha nyingi za kumtoza atakapokamilisha. Mwenye karata ambazo nguvu yake iko mwanzoni na hupungua kila karata mpya inapofunuliwa anautaka uwiano wa 1, au wa 4 ikishindikana. Anayepandisha hadi kikomo kila mara bila kujali yuko kundi gani, na bila kujali atazungumza wa kwanza au wa mwisho, wakati mwingine huwa anamtengenezea mpinzani wake mchezo unaomfaa mpinzani huyo.

Sipingi kupandisha hadi kikomo. Ukiwa kwenye kiti cha mgawaji, 350 ni kiasi kizuri kwa karibu kila mkono unaostahili kuchezwa, tena faida yake ni kwamba mpinzani hawezi kukusoma kwa kiasi unachoweka. Ninachopinga ni kuifanya poti nzima kuwa dau la pekee baada ya flopi. Fikiria flopi ya wafalme wawili na 4, karata zote tatu za aina tofauti. Meza kama hiyo haina mfuatano unaotafutwa wala karata tano za aina moja zinazokaribia; mpinzani ama ana mfalme ama hana. Dau la theluthi moja ya poti linafanya kazi ileile ambayo dau la poti nzima lingefanya, na likitumika kumtisha mpinzani linahitaji kufaulu mara moja katika kila mara 4 ili lisikutie hasara, wakati dau la poti nzima linahitaji kufaulu nusu ya mara zote. Kwenye flopi ya 9, 8 na 7 zenye karata mbili za aina moja, mambo yanageuka: hapo karibu kila mtu ana kitu cha kutafuta, na dau dogo ni kumwuzia kwa bei ya kutupa.

Salaam kutoka Mombasa. Nilipewa ree mbili, 7 na 2, zote za aina tofauti. Nikapandisha kila niliporuhusiwa, nikalipiwa na mtu mmoja. Flopi ikaja 9, 8, 6. Nikaweka poti, akapandisha, nikalipia kwa uchungu, nikapoteza zote. Rafiki zangu wanasema ni bahati mbaya tu. Je, ni kweli?

Sehemu ndogo ni bahati mbaya. Sehemu kubwa ni uwiano.

Omaha ilitokana na Texas Hold'em, mchezo ambao kila mchezaji hupewa karata mbili tu za siri. Robert Turner ndiye aliyeupeleka mchezo huu kwenye kasino ya Golden Nugget mjini Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wachezaji wengi huufikia wakitokea Hold'em, wakiwa wameubeba ule upendo wa jozi ya ree. Katika Hold'em, ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda takriban mara 4 katika kila mara 5, na karata za siri zina mchanganyiko 1,326 tu. Katika Omaha michanganyiko ni 270,725, na muhimu zaidi, kila mpinzani ameshika jozi 6 tofauti za karata mbili ndani ya karata zake nne. Ree zako mbili zisizo na msaada wowote, yaani 7 na 2 zisizoungana na chochote na zisizo za aina moja na ree hizo, zikikutana na karata nne zilizofuatana za aina mbili mbili, yaani mbili za aina moja na mbili za aina nyingine, mchezo unakaribia nusu kwa nusu.

Hata hivyo nusu iliyozidi kidogo si mbaya ikiwa fedha zote zinaingia kabla ya flopi, kwa sababu hapo huna uamuzi mwingine wa kukosea. Shida ni kwamba kikomo cha poti hakikuruhusu. Ukipandisha hadi 1,100 ukiwa na 10,000, umeweka zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya fedha zako, na umemwambia kila mtu makini mezani kuwa una ree mbili. Mpinzani anaijua karata yako. Wewe huijui yake. Amebaki na 8,900 za kukuadhibu, na wewe kila flopi isiyo na ree inakuacha na jozi moja. Hapo ndipo ulipopotelea, kabla hata ya ile 9, 8, 6 kufunuliwa.

Kanuni ninayoitumia mwenyewe kwa ree dhaifu ni kujiuliza: nikipandisha sasa hadi kikomo, je, robo ya fedha zangu au zaidi itakuwa imekwisha kuingia? Ikiwa ndiyo, kama katika kupandisha hadi 3,350, napandisha bila kusita, kwa kuwa flopi yoyote itakayokuja ninabakiwa na dau moja tu. Ikiwa hapana, nalipia na kuzificha. Ree zinazoandamana na karata nzuri, kwa mfano ree mbili pamoja na jeki na 10 za aina mbili mbili, hazina haja ya tahadhari hii, kwa sababu hizo huendelea kuwa na la kufanya hata flopi isipowapa ree ya tatu.

Na baada ya flopi ile, uliyetangulia kuweka dau la poti ulipaswa ama kupisha, yaani kutoweka dau, na kutupa, ama kutoweka kitu ambacho hukuwa tayari kukiacha. Kulipia kwa uchungu ni ishara ya kutupa.

Mwandishi mpendwa, naishi Kampala. Nilikuwa mgawaji nikiwa na jeki, 10, 7 na 6. Poti ilikuwa 750, flopi 9, 8, 2 za aina tatu tofauti. Mpinzani pekee akaweka 500. Nikalipia. Mjomba wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alikaribia kulia kwamba sikupandisha. Nani kati yetu ana haki?

Mpe mjomba heshima yake, ila safari hii haki iko upande wako. Kwenye meza nyingine ingekuwa upande wake.

Tuzihesabu karata zinazokukamilishia mfuatano. Malkia yuko mara 4, 5 iko mara 4, na jeki, 10, 7 na 6 zimebaki mara 3 kila moja, kwa kuwa moja moja unazo wewe. Jumla ni 20. Karata usizoziona ni 45, hivyo karata ya nne itakukamilishia kwa asilimia 44, na ukiziona zote mbili utakamilisha kwa takriban asilimia 70. Wachezaji huliita jambo hili rapu, na ni miongoni mwa sababu za Omaha kuwa na poti kubwa, kwa sababu mkono ambao bado haujawa kitu waweza kuwa mbele ya mkono uliokamilika. Dhidi ya mwenye 9 tatu na jozi ya pembeni isiyokugusa, wewe ndiye unayeongoza kidogo, takriban asilimia 54, licha ya kwamba sasa hivi huna hata jozi.

Lakini zitazame hizo 20 kwa karibu zaidi. Akija malkia, jeki na 10 zako ndizo mfuatano mkubwa kuliko wote. Ikija 7, jeki na 10 tena hazishindiki. Ikija 6, unatumia 10 na 7, na hakuna wa kukuzidi. Ikija 5, unatumia 7 na 6, hali ni hiyohiyo. Hizo ni karata 14 safi. Zikija jeki au 10, umekamilisha mfuatano, lakini mwenye malkia na 10 katika hali ya kwanza, au malkia na jeki katika ya pili, anakuzidi. Karata hizo 6 ndizo zinazowafilisi watu, kwa kuwa mtu aliyekamilisha huona uchungu kutupa, na fedha nyingi huingia pale anapopandishiwa.

Sasa kuhusu dau. Kulipia 500 ili kupata poti ya 1,250 kunahitaji ushinde takriban asilimia 29, na karata ya nne peke yake inakupa 44. Kulipia ni faida ya wazi. Kupandisha hadi kikomo kungekuwa 2,250, na kwa kuwa mna zaidi ya 9,000 kila mmoja, ungefungua tena nafasi ya mpinzani kukupandishia, na ukajikuta umeingiza fedha zote kwa ubora wa asilimia chache tu, au umekwama ukilipia huku karata chafu zikifunuliwa. Wewe unazungumza wa mwisho na una 13 za uwiano. Acha karata ya nne ikwambie ikiwa ni moja ya zile 14.

Laiti poti ingekuwa 2,250 na kila mmoja amebaki na 8,900, ningemwunga mkono mjomba. Hapo ukipandisha unaweza kumaliza fedha zote kwenye flopi, unahakikisha unaziona karata mbili zote, asilimia 70 inafanya kazi kwa ukamilifu, na juu ya hayo mpinzani mwenye jozi mbili au ree mbili huenda akatupa.

Naomba jibu fupi: kwenye karata ya nne, nikiwa na mkono mzuri na mezani kuna karata mbili za aina moja, niweke nusu ya poti au yote? Msomaji wa Morogoro.

Anayetafuta karata ya tano ya aina moja tu, bila kitu kingine, ana karata 9 kati ya 44, yaani asilimia 20. Dau la poti nzima linamtaka awe na 33, la nusu linamtaka awe na 25, na la theluthi linamtaka awe na 20. Kwa hiyo nusu inatosha kumfanya akosee akilipia. Lakini katika Omaha ni nadra mtu kutafuta kitu kimoja; mara nyingi ana karata hizo 9 na nyingine 4 au 6 za mfuatano, na huyo nusu ya poti haimkosesh­i kitu. Meza ikiwa na karata zilizokaribiana pamoja na mbili za aina moja, weka yote. Zikiwa zimetawanyika, kwa mfano mfalme, 7, 2, nusu inafaa.

Hujambo? Mimi ni Mkenya niishiye Minneapolis. Nimesikia kuhusu kutisha kwa kutumia ree moja ya kopa wakati mezani kuna kopa tatu. Sielewi mantiki yake, maana karata moja haitengenezi kitu.

Sijambo, ahsante. Mantiki inatokana na kanuni yenyewe ya karata mbili kutoka mkononi. Katika Hold'em, ree yako ya kopa ingeweza kuungana na kopa nne za mezani. Katika Omaha haiwezi. Kopa tatu zikiwa mezani, ree ya kopa pekee haikupi flashi, yaani karata tano za aina moja, hata kidogo. Lakini inathibitisha jambo moja kwa hakika, kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa na flashi kubwa kuliko zote. Mwenye mfalme na 9 za kopa ana flashi nzuri, hajui kuwa ree unayo wewe peke yake bila mwenza, na kila unapoongeza dau anazidi kuiona ile flashi ya ree ambayo katika mchezo huu watu huwa nayo mara kwa mara.

Ugumu uko katika bei. Tuseme kopa ya tatu imefika kwenye karata ya nne, poti ni 750. Unaweka 750, analipia, poti inakuwa 2,250. Ukiishia hapo, umemzawadia 750 zako, kwa sababu mwenye flashi ya pili au ya tatu kwa ukubwa hulipia dau la kwanza kwa desturi. Kwa hiyo asiyekuwa tayari kuweka dau la pili la 2,250 asianze. Na dau hilo la pili, likiwa la poti nzima, lazima limfanye mpinzani atupe nusu ya mara ili lisilete hasara. Je, mpinzani wako ni mtu wa kuitupa flashi ya mfalme? Kwenye meza za watu wanaocheza kwa kujistarehesha, hasa pale ambapo chakula na vinywaji vimeshaanza kupita, mimi huwa najibu hapana, na ree yangu naitumia kujitoa kwa amani.

Usijaribu kabisa katika hali tatu: wapinzani wakiwa wawili au zaidi, meza ikiwa imetoa jozi, kwa kuwa mwenye fuli hausi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine) haogopi flashi yoyote, na fedha zilizobaki zikiwa pungufu ya poti, maana hapo hakuna tishio lililobaki.

Bwana mwandishi, tunacheza Omaha ya juu na chini hapa Kigali, poti ikigawanywa kati ya mkono wa juu na mkono wa chini. Nikiwa na ree na 2, najua mkono wangu wa chini haushindiki, hivyo napandisha kila mara. Mbona sipati faida?

Kwa sababu mwingine naye ana ree na 2. Mkono wa chini, yaani ule wa karata ndogo zaidi, ree ikihesabiwa kuwa 1, huwapo tu iwapo mezani kuna karata tatu tofauti zisizozidi 8, na wachezaji wote wenye busara hubaki mchezoni kwa ree na 2, kama wewe. Tazama: mko watatu, kila mmoja ameweka 1,000, poti ni 3,000. Nusu ya juu, 1,500, inakwenda kwa mmoja wenu. Nusu ya chini mnagawana wawili, 750 kila mmoja. Umeweka 1,000, umerudishiwa 750, na ulikuwa na mkono usioshindika. Mkibaki wawili tu ni vibaya zaidi: katika 2,000 unapata 500.

Pandisha pale ree na 2 zinapoandamana na uwezekano wa kuchukua juu pia, au angalau na 3 ya akiba, kwa kuwa 2 nyingine ikitokea mezani mkono wako wa chini huharibika papo hapo. Ukiwa na chini tupu, lipia, na kadiri watu wanavyobaki wengi ndivyo kulipia kunavyokuwa nafuu.

Mimi ni mwanzilishi, Arusha. Wote mezani hukaa na 10,000. Mimi ninaweza kumudu 4,000 tu. Je, niache kabisa, au kuna namna ya kucheza?

Cheza, mradi hizo 4,000 ni fedha usizozihitaji kwa matumizi mengine. Tena kwa mtu anayejifunza, kiasi kidogo kina nafuu yake katika hesabu. Mtu akipandisha hadi 350 nawe kwenye dau kubwa ukapandisha hadi 1,100, poti baada ya kulipiwa inakuwa 2,250 na wewe umebaki na 2,900. Uwiano ni kama 1.3 badala ya 4 waliyo nayo wenzako. Zile ree dhaifu zilizomwumiza msomaji wa Mombasa, kwako zinaruhusiwa kupandishwa, kwa sababu zaidi ya robo ya fedha zako imeshaingia na kwenye flopi unabakiwa na uamuzi mmoja, wa kuingiza zilizobaki au kutoziingiza. Unachokosa ni faida ya zile karata za polepole: 5, 6, 7 na 8 za kutafuta mfuatano hazikulipi vya kutosha zikikamilika, kwa hiyo zipunguze, na zile unazozungumza nazo wa kwanza zitupe zote. Ukishafikia 7,000 au 8,000 uwiano utabadilika, nawe itakubidi uache kuzipandisha zile ree za aina tofauti.